Kipimo kilisoma 102 na mtoto hakuchemka: nyuzi, digrii au sentigredi?

"Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Chuno hapa Mtwara mjini. Juzi usiku kitinda mimba wangu wa miaka miwili alichemka mwili. Nikampima kwapani kwa kipimajoto cha betri tulicholetewa na wifi yangu kutoka Marekani, kikaandika 102. Nilipiga yowe nyumba nzima ikaamka. Shuleni tulifundishwa maji yanachemka kwenye 100, sasa mtoto wa 102 si ndiyo amekwisha? Asubuhi zahanati nesi akampima, akasema ana 'thelathini na nane nukta mbili sentigredi', akashangaa nilivyokuwa nalia. Tuliporudi nyumbani ubishi ukaanza. Baba watoto anasema 'digrii', redioni wanasema 'nyuzi joto', nesi anasema 'sentigredi', na huyu mkubwa wa darasa la sita kaandika °38C kwenye daftari, mwalimu wake kamkata na kumwambia ni 'nyuzi za Selsiasi'. Lipi ndilo sahihi? Na ile 102 ilitoka wapi?"

Marahaba, dada yangu, na pole sana kwa usiku ule. Nimefundisha fizikia huku kusini kwa miaka mingi, Masasi kwanza kisha Lindi, na ubishi huu wa nyuzi na digrii nimeusikia darasani, msibani na kwenye daladala. Umeuliza mambo mawili kwa mkupuo: neno lipi litumike, na ile namba ilikuwa na maana gani. Watu hubishania la kwanza mpaka wakalisahau la pili. Mimi nitaanza na la pili, kwa kuwa ndilo lililokutoa machozi.

Kipimajoto chako hakikukosea, na mtoto hakuwa amefika kwenye kuchemka wala karibu yake. Kilikuwa kinasoma kwa Farenhaiti, kipimo ambacho Wamarekani wanakitumia majumbani na hospitalini kwao mpaka leo. Kwenye kipimo hicho maji huganda kwenye 32 na huchemka kwenye 212. Ukitaka kuileta 102 kwenye kipimo chetu, toa 32, zinabaki 70. Gawa kwa 1.8, unapata 38.9 hivi. Hiyo ni homa, tena si ya kupuuza, lakini ni homa ambayo nesi yeyote anaiona kila siku. Asubuhi aliposoma 38.2, homa ilikuwa imeshuka kidogo tu, hata uzi mmoja haukutimia. Wewe na nesi mlikuwa mnasema jambo lilelile.

Kichukue kile kipimajoto sasa hivi, kisogeze kwenye mwanga wa dirisha, utazame pembeni mwa tarakimu. Utaona herufi ndogo kama punje ya mtama: F au C. Usiku, taa hafifu, mtoto analia, nani angeiona? Vipimajoto vingi vya aina hiyo hugeuzwa kwa kushikilia kitufe kwa sekunde kadhaa. Karatasi iliyokuja nacho itakuonyesha. Kigeuze kiwe C na kibaki hivyo, maana zahanati zetu, vyeti vya wagonjwa na matangazo ya hali ya hewa vyote viko kwenye C. Siku ukienda kliniki kibebe, mpimeni mtoto kwa chako na cha nesi, kwapa lilelile, mkivipokezana. Vikitofautiana kidogo sana, sawa. Vikitofautiana kwa uzi mzima, mwamini nesi, chako ukiweke kando.

Kuna hesabu ya haraka wanayopeana watu: toa 30, gawa kwa mbili. Kwa hali ya hewa inafaa. Wifi yako akikwambia kwao leo ni 90, utapata 30, na jibu la kweli ni 32, hakuna aliyeumia. Lakini ijaribu kwa mwanao: 102 toa 30 ni 72, nusu yake 36. Mtoto mwenye homa ya 38.9 ameonekana mzima! Kwa mgonjwa usiitumie kabisa. Na kwa kuwa wifi atakuuliza: ile 98.6 wanayoitaja Wamarekani kuwa joto la mtu mzima wa afya si namba ya ajabu iliyopimwa mpaka nukta sita. Ni 37 yetu tu iliyogeuzwa. Daktari Mjerumani, Carl Wunderlich, aliitangaza 37 mwaka 1868, na mwili wenyewe hupanda na kushuka kidogo kila siku, alfajiri chini, jioni juu.

Sasa tuje kwenye majina, kwa sababu hapo nyumbani kwako kila mmoja ameshika ncha yake na hakuna aliyeshika ya uongo.

Sentigredi na Selsiasi ni kipimo kilekile. Mswidi mmoja, Anders Celsius, mwaka 1742 alichukua nafasi iliyopo kati ya barafu inayoyeyuka na maji yanayochemka akaigawa mafungu 100. Yeye mwenyewe alianza kinyume na tulivyozoea: sifuri aliiweka kwenye kuchemka, mia akaiweka kwenye barafu. Alifariki mwaka 1744, na wenzake wakakigeuza kipimo kikawa hivi tunavyokijua. Kwa kuwa kina ngazi mia moja, kikaitwa kwa neno la Kilatini lenye maana hiyo, ndiyo sentigredi yetu. Mwaka 1948 mkutano mkuu wa kimataifa wa vipimo uliamua kipimo kiitwe kwa jina la Celsius, maana neno lile la ngazi mia lilikuwa linagongana na kipimo cha pembe kwenye lugha kama Kifaransa. Hakuna namba iliyobadilika. Nesi anayesema sentigredi ni kama mzee anayeita shilingi mia moja pauni tano: fedha ni zilezile, jina ni la zamani. Kwa mdomo usimsahihishe. Kwa maandishi, hasa daftari la shule, fomu au ripoti, andika Selsiasi.

Nyuzi na digrii nazo hazina ugomvi. Digrii tumelikopa, nyuzi ni letu, na yote mawili hufanya kazi ileile. Lakini umewahi kujiuliza kwa nini mtangazaji hasemi "nyuzi 32" akanyamaza, bali husema "nyuzi joto 32"? Mfungulie mwanao kitabu cha hisabati utaliona jibu: pembe mraba ina nyuzi 90. Neno nyuzi linabeba pembe na joto, kama digrii inavyobeba pembe, joto, na hata shahada ya chuo kikuu. Hilo neno "joto" linaondoa utata. Kwa mazungumzo ya nyumbani, "mtoto ana digrii thelathini na nane" imetosha, kila mtu anaelewa kwamba hatupimi pembe za mtoto. Mimi binafsi napenda nyuzi. Nikiwa na kipimajoto cha kioo darasani, cha zebaki au cha spiriti nyekundu, huwaita wanafunzi wawili wawili waangalie kile kimstari chembamba kinavyopanda polepole ndani ya kioo ukikikumbatia kwa kiganja. Ni uzi kabisa, na mtoto aliyeuona hasahau tena.

Ila ukichagua nyuzi, zipe haki yake ya kisarufi. Umoja wake ni uzi. Kwa hiyo ni "uzi joto mmoja", "nyuzi joto mbili", na kiunganishi chake ni "za": nyuzi joto 38 za Selsiasi. Nasikia sana "nyuzi joto 38 ya Selsiasi", na hiyo inakwaruza sikio kama "nyuzi nyeusi ya kushonea". Kama unataka kukwepa, tumia digrii: digrii moja, digrii mbili, digrii za Selsiasi, halibadiliki umbo. Kwenye desimali, soma tarakimu mojamoja baada ya nukta. 37.25 ni "thelathini na saba nukta mbili tano". Ukisema "nukta ishirini na tano", msikilizaji anaweza kudhani 37.25 ni kubwa kuliko 37.8, kwa kuwa ishirini na tano inazidi nane.

Mwalimu wa mwanao alikuwa na haki ya kumkata. Namba hutangulia, inafuata nafasi ndogo, kisha kiduara na herufi vikiwa vimegandana: 38 °C. Kile kiduara si pambo la namba, ni sehemu ya jina la kipimo. Ukikitenga na C yake ukakipeleka mbele ya 38, umekata jina vipande viwili. Na akifika sekondari atakutana na kelvini, kipimo kingine cha joto, ambako hakuna kiduara wala neno nyuzi: 300 K, "kelvini mia tatu", basi. Zamani walisema digrii za Kelvini, likafutwa mwaka 1967. Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu walipoteza maksi nyingi hapo, na inaniuma kila nikikumbuka, kwa sababu hesabu walikuwa wamepata.

Kuna jambo hukuuliza, dada, lakini kwangu ni zito kuliko nyuzi na digrii, nalo ni vijineno viwili: "kwa" na "hadi". Sikiliza: "joto la bahari limepanda kwa nyuzi 2" na "joto la bahari limepanda hadi nyuzi 2". La kwanza linasema bahari iliyokuwa, tuseme, na 27 sasa ina 29, habari ya kuwashtua wavuvi na watu wa hali ya hewa, maana vimbunga vya bahari yetu hulishwa na maji yenye joto la kuanzia 26 na nusu hivi. La pili linasema wavuvi wa Mikindani wanaogelea kwenye maji ya barafu. Na wengi hudondosha kijineno chenyewe wakasema "limepanda nyuzi 2", msikilizaji ajichagulie. Kwa mgonjwa ni vilevile. "Homa imeshuka kwa uzi mmoja" si sawa na kusema imeshuka hadi kiwango fulani. Taja kijineno.

Hapo ndipo pia watafsiri wa habari wanapoanguka. Makubaliano ya Paris ya mwaka 2015 yanazungumzia kujitahidi kuzuia joto la dunia lisiongezeke kwa zaidi ya nyuzi 1.5 za Selsiasi juu ya lilivyokuwa kabla ya enzi za viwanda. Mtu akiipeleka 1.5 hiyo kwenye Farenhaiti kwa kuzidisha kisha kuongeza 32, atapata 34.7, na dunia nzima ingekuwa imeungua. Nyongeza haiongezewi 32. Ile 32 ni tofauti ya mahali pa kuanzia kuhesabu, na nyongeza haina pa kuanzia. Unazidisha kwa 1.8 tu: 2.7.

Mahali hapo pa kuanzia ndipo panapovunja msemo mwingine ninaousikia kila mwezi wa saba, watu wakishuka kutoka Newala wamejifunika makoti: "Kule ni 16, hapa Mtwara 32, yaani huku kuna joto mara mbili." Namba ni mara mbili, joto si mara mbili. Sifuri ya Selsiasi haimaanishi hakuna joto. Ni mahali barafu inapoyeyuka, palipochaguliwa na watu. Geuza siku hizohizo mbili kwa Farenhaiti: Newala 60.8, Mtwara 89.6. Ile mara mbili imeyeyuka na jua ni lilelile. Sifuri ya kweli, mahali ambapo huwezi kushuka zaidi, iko nyuzi 273.15 chini ya sifuri yetu, na kelvini huanzia kuhesabu hapo. Kwa kelvini ni 289 na 305, tofauti isiyofika hata asilimia sita. Sema tu "Mtwara kuna joto zaidi kwa nyuzi 16", umesema kweli tupu.

Baridi ya chini ya sifuri hatuijui huku mitaani, lakini iko ndani ya friza za kamba na pweza. Namba ya kawaida ya friza ni −18 °C. Isome "nyuzi joto kumi na nane chini ya sifuri", au "hasi kumi na nane". Usiandike alama hiyo kwa uzembe. Niliwahi kuingia zahanati moja, sitaitaja, nikaona karatasi imebandikwa kwenye mlango wa jokofu la chanjo: "2 -8". Aliyeandika alimaanisha mbili hadi nane, ambacho ndicho kiwango sahihi cha kuhifadhia chanjo nyingi za watoto. Lakini kile kistari kilikuwa kimesogea kikaiegemea nane, na dada mgeni aliyekuwa zamu aliniuliza kwa nia njema kabisa kama jokofu linatakiwa kufika hasi nane. Baadhi ya chanjo zikiganda zimeharibika, hata zikiyeyuka zikaonekana nzuri. Tulichana karatasi ile tukaandika upya kwa kalamu nene: "Kuanzia 2 °C hadi 8 °C." Tangu siku hiyo sitaki kistari kati ya vipimo viwili vya joto, naandika "hadi".

Nikuguse na hili kwa kupita: redio ikisema leo Mtwara nyuzi joto 32 na kipimo cha kwenye gari kikaonyesha 41, hakuna aliyedanganya. Watu wa hali ya hewa hupima hewa kivulini, ndani ya kisanduku cheupe chenye upenyo wa kupitisha upepo, kikiwa juu ya ardhi karibu kimo cha kifua. Gari lililoegeshwa juani linapima jua, bati na lami. Ndiyo maana ninawaambia watu wataje na mahali walipopimia. Vilevile kwa mtoto: kwapani husoma chini kidogo kuliko ndani ya mwili, na nesi anahitaji kujua ulipima wapi.

Na mwanao akikuuliza tofauti ya joto na halijoto, mwambie halijoto ndiyo inayopimwa kwa nyuzi, na joto ni ile nishati yenyewe. Kikombe cha chai ya moto kina halijoto kubwa kuliko ghuba ya Lindi, lakini ghuba ina joto jingi kuliko kikombe, kwa wingi wake. Kwenye mtihani atenganishe. Kibarazani, "leo joto limefika nyuzi thelathini na tatu" ni Kiswahili safi na simzuii mtu.

Turudi kwa mtoto, maana mimi ni mwalimu wa fizikia, si daktari, na namba peke yake haitibu. Huku kwetu Lindi na Mtwara malaria bado ipo, kwa hiyo mtoto wa chini ya miaka mitano mwenye homa, iwe 37.8 au 39.5, apelekwe akapimwe siku hiyo hiyo au kesho yake asubuhi. Ulifanya vizuri kwenda. Lakini kuna hali ambazo hazingoji kuche: mtoto hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila anachopewa, amepata degedege, shingo imekakamaa, amelegea sana au haamki vizuri. Hapo usipoteze muda kubadili F iwe C, tafuta usafiri uende hospitali ya Ligula au kituo kilicho karibu nawe usiku huohuo. Na kichanga wa chini ya miezi miwili akiwa na homa yoyote, hali kadhalika.

Ukifika, nesi atakuuliza, na ukishikwa na hofu maneno hupotea. Yaandike kwenye simu kabla hujatoka nyumbani, namna hii: "Saa nane usiku, kwapani, 38.9 °C. Saa nane na nusu nikampa parasetamo. Saa kumi alfajiri, kwapani, 38.4 °C, imeshuka kwa 0.5." Uyasome kwa digrii, kwa nyuzi au kwa sentigredi, atakuelewa na ataanza kazi palepale.